Gauni la Bluu la Dada

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa, mtaani huitwa Sindano. Umri: miaka 38. Kazi: fundi cherehani. Makazi: chumba cha nyuma ya duka lake la ushonaji, pamoja na dada yake.

Mnamo tarehe 4 Machi nilimsindikiza dada yangu mkubwa kwa tabibu wa Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi, yule mama mliyemweka mahabusu. Dada ni mnene na ana kisukari. Tabibu alimpa unga wa mitishamba anywe na maji ya vuguvugu, akamwambia ale mapema jioni, atembee, na vidonge vya hospitali asiviache. Akasema, "Chagua gauni linalokubana, uwe unalijaribu kila Jumapili. Mwezi ukiisha halijalegea, acha dawa yangu urudi kwa daktari. Nguo haidanganyi."

Dada alichagua gauni la bluu nililomshonea mwenyewe. Jumapili mbili zipu iligoma. Ya tatu alikaa kitandani akalia: "Mdogo wangu, mwili huu umenishinda." Jamani, ningevumilia vipi? Alipokwenda sokoni nilifumua mishono ya ubavuni, nikaachia kitambaa cha akiba kilichokunjwa ndani ili gauni lipanuke, nikashona upya na kupiga pasi.

Jumapili iliyofuata zipu ilipanda bila kusukumwa. Dada alicheza chumba kizima. "Sindano, angalia usije ukawa bonge wewe!" Nilicheka naye. Nikaachia tena, mpaka akiba ikaisha.

Basi akasema amepona, vidonge vya nini tena. Nilimwona akivitupa kwenye pipa la taka. Nilinyamaza, kwa sababu ningefungua mdomo ningelazimika kusema na la gauni.

Tarehe 29 Aprili, saa mbili asubuhi, nilimkuta amezimia sakafuni, sukari imepanda. Kaka yetu alipokuja hapa kituoni kumshitaki tabibu kwamba dawa yake ndiyo iliyomdhuru dada, nilisimama pembeni yake nikaitikia kwa kichwa. Mungu anisamehe.

Jana dada alifumbua macho. Aliniomba nimpelekee gauni, atoke nalo hospitali. Sikulipeleka, nimelileta kwenu. Ligeuzeni, mtaona matundu ya mishono ya kwanza. Mwachieni yule mama. Aliyedanganya ni mimi.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya askari: Gauni moja la bluu limepokelewa kama kielelezo. Shahidi ameomba askari ndiye akamwambie dada yake. Amejibiwa kwamba hilo ni lake mwenyewe. Ameondoka saa kumi na nusu jioni, akielekea hospitali kwa miguu.