Meno ya Baba

Sio Port, Alhamisi jioni, 1996

Kosa ni langu, si la kuku. Niliyabandika meno ya makombe kwenye picha ya marehemu Baba kwa uji wa muhogo, kwa kuwa situmii gundi ya dukani, kisha nikaiacha picha uani ikauke. Nilijua kuku wa Mama hupenda makombe ya ziwani yaliyopondwa. Sikuwaza kwamba wangeyafuata hadi usoni pa marehemu.

Niliporudi na mzigo wa gugumaji, uso wa mafunjo ulikuwa salama. Meno mawili ya mbele hayakuwapo. Na kesho asubuhi picha inakwenda kwenye maonyesho, Amagoro.

Kilichoniuma zaidi ni cha jana. Simkumbuki Baba vizuri, kwa hiyo miezi mitatu nimepima uso kutoka picha ya kitambulisho chake na meno nikayakisia, lakini Mama aliitazama kazi yangu, akasema "Ni nzuri," akarudi kuanika omena zake, wale dagaa wa ziwani. Hakumtambua.

Leo alinikuta nikichonga meno mengine. Akaitazama picha, akacheka hadi akafuta macho kwa leso.

"Wacha hivyo, mwanangu. Sasa ndiyo yeye. Ile ya jana ilikuwa na meno mingi."

"Lakini Mama, kwenye kitambulisho..."

"Kwa kitambulisho alifunga mdomo. Alikuwa anaonea haya hiyo pengo. Kwangu alikuwa anacheka tu."

Waamuzi wa maonyesho watadhani ni uzembe, na hilo bado linanisumbua. Hata hivyo sikubandika kitu. Mama ameomba picha ilale chumbani mwake, mbali na kuku.