Nafasi Nyeupe Mlangoni

Kaka Yustini,

Shikamoo. Naandika ingawa najua marahaba yako sitaisikia tena.

Nyumba ya tembe ya Baba hapa Goweko imeanguka. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, paa la udongo likalemewa, ukuta wa mbele ukalala juu ya ile njia ya zamani ya misafara. Mama nimemhamishia kwangu. Chakula hali vizuri.

Kilichobaki ni picha uliyokuwa ukiichora ya nyumba hiyo. Mbingu ulikwisha kuipaka, na miti ya mbali, ila ukuta ulikuwa umeupaka mkono mmoja tu wa rangi, hafifu. Ulisema rangi ya maji haitaki haraka, ikauke kwanza. Homa haikungoja, Kaka.

Nilitaka Mama apate nyumba yake. Nikafungua kibati chako cha rangi, nikainamisha ubao wenye karatasi kama ulivyokuwa ukifanya, nikaacha maji ya kahawia yateremke yenyewe. Nilijivuna, mimi mwenye mkono wa jembe! Pale mlangoni palikuwa na kipande cheupe, hakizidi kidole gumba. Nilidhani umepasahau. Nikapaka.

Mama aliitazama sana, kisha akaweka kidole mlangoni.

"Mimi niko wapi? Yustini aliniambia nafasi yangu ni hapa. Jumapili nijitande kanga yangu nyeupe, nisimame."

Jumapili hiyo tulikuzika. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno yako: weupe haupakwi, weupe unaachwa. Nilifuta kwa kitambaa chenye maji mpaka karatasi ikachanika. Weupe haukurudi. Nimemfukia Mama ukutani angali hai, nawe hupo wa kunigombeza. Naona aibu. Ulipokuwa ukinieleza kazi yako nilikuwa nikicheka, eti mwanamume mzima anachezea maji.

Nitaichora upya. Nyumba haipo, lakini Mama ananielekeza: dirisha lilikuwa moja, mlango umepinda kidogo kushoto. Jana akaniambia, "Acha nafasi mbili."

Nikamuuliza ya pili ni ya nani. Akalishika shati lako, lile analolalia.

Kwaheri, Kaka. Nitapaka mbingu, nitapaka ukuta, na kila mkono wa rangi nitaungoja ukauke. Zile nafasi mbili mlangoni sitazigusa.

Mdogo wako,
Veronika