Hatukufungwa, Tumeachwa

Jumapili, baada ya isha.

Eti msimu mzima hatujafungwa hata mechi moja, na robo fainali hatumo! Orodha ya ubora ya kamati imewapandisha Miburani, waliofungwa mara tatu. Katibu akanieleza kwa upole, kama anayenipa pole ya msiba: "Kocha, kundi lenu la visiwani ni jepesi. Wenzenu wa Miburani walihamia kundi la Kilindoni, ni kugumu huko. Kwa kanuni yetu, hata kufungwa na timu ngumu kuna alama zake."

Kanuni hiyo niliipendekeza mimi mwaka jana, nilipokuwa nafundisha Kilindoni. Nikapigiwa makofi.

Kesho vijana wangu wa Bwejuu watauliza nani katunga upuuzi huu. Nitawaambia ni kamati. Uongo hautakuwa, nilikuwa mjumbe wake.