Barua Moja Ambayo Haijasomwa

Shosti, nimejifungia chooni kazini. Usinipigie, shangazi atasikia.

Unakumbuka ile barua pepe niliyomwandikia siku aliponigombeza mbele ya wateja? Ile ya "naacha kazi yako, nahama na nyumbani kwako, roho mbaya wewe"? Hakunijibu. Jioni akanipakulia chakula kama kawaida. Nikasema basi, mtu mzima kasoma, kameza, kanisamehe. Nikaanza hadi kumheshimu!

KUMBE HAKUWAHI KUISOMA.

Leo kaniita kwenye kompyuta yake: "Hebu niondolee hii namba. Kila siku inaniambia nina barua moja sijasoma, nikiitafuta siioni."

Na mimi na kimbelembele changu: "Hiyo hesabu imekosea tu, shangazi. Sasa hivi." Nikabonyeza orodha ya barua ijipange upya.

Haikukosea, shosti. Barua ilikuwepo, ila orodha ilikuwa haiionyeshi. Ikachomoza juu kabisa, wino umekolea, jina langu, na kichwa cha habari: NIMECHOKA NA WEWE.

Nataka kuifuta, yuko nyuma yangu, mkono begani. Miwani kaipoteza, bila hiyo hasomi kitu, lakini mshale aliuona unakimbia. "Wee! Usiifute! Siku zote hizi naitafuta. Nisomee."

Nisomee!! Mimi!! Nikashika tumbo, nikakimbilia huku. Dirisha lina nondo, nimeshaangalia.

Subiri, anagonga.

Yaani kwa sauti ya upole kabisa:

"Toka tu, mwanangu. Miwani nimeiona."