Koili ya Baba Isiungue Tena

Mtaa wa Hanina,
Irbid, Jordan.
12 Februari 2016

Mpendwa Ami Ghaleb,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwa kaka yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo, Khale Shaden, na kwamba theluji ya huko Göteborg haijakuumiza magoti kama mwaka jana. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua haijakatika wiki nzima, jiko la gesi la sebuleni linawaka tangu alfajiri, na mama amefungua mtungi wa kwanza wa zeituni. Bibi anauliza kama unakula mboga. Mjibu mwenyewe, mimi haniamini.

Ningeweza kukupigia simu, lakini simu ya nyumba hii husikilizwa na watu watatu, na mmoja wao ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Unajua daktari wa moyo alivyomwambia baba: mishipa imebana, na sigara iondoke kabla ya kitu kingine chochote. Hata ile sigara ya umeme uliyomletea hakuisifu. Alisema kama ni daraja la kutokea, apite upesi, asijenge nyumba juu yake.

Baba alianza kupita. Kisha pamba ya ndani ya kifaa, ile inayonyonya majimaji, ikaungua akiwa katikati ya kuvuta. Sijui kama wewe umewahi kuonja pamba iliyoungua, Ami. Mimi nilionja makusudi, ili nijue. Ni kama kumeza moshi wa godoro. Baba alikohoa hadi machozi yakamtoka, akakisukuma kifaa chako upande wa pili wa meza, akatoa pakiti yake ya zamani na kuiweka mbele yake.

“Mama,” akaniambia, nawe unajua huniita mama pale tu anapokuwa amechoka, “nakupa nafasi moja. Ikiniunguza tena narudi kwa hawa. Hawa tunajuana.”

Sikulala vizuri baada ya maneno yale. Nina shahada ya kemia, kazi bado sijapata, na kila asubuhi hujiuliza nilisoma kwa ajili ya nini. Nikajiambia: basi nisome hiki.

Kumbe kifaa chako kinaweza kudhibiti joto chenyewe, ila koili yake, yaani ule waya wa mizunguko unaopashwa moto ndani ya pamba, inatakiwa iwe ya nikeli. Nikeli ikipata moto ukinzani wake hupanda kwa kiasi kinachojulikana. Kifaa hupima ukinzani huo koili ikiwa baridi, kisha kila unapovuta huangalia umepanda kiasi gani, na hapo hujua joto limefika wapi. Likigusa mpaka uliouweka, hupunguza umeme. Mimi niliweka mpaka wa digrii mia mbili na kumi, chini ya pale pamba inapoanza kuungua.

Nikaenda kwa Qusai, mwenye duka la veipu, hizi sigara za umeme, karibu na chuo.

“Dada, wasichana huja hapa kutafuta ladha ya tikiti. Wewe unataka nikeli?”

“Nipe nikeli. Hilo tikiti mpelekee mama yako.”

Akacheka, lakini akanionya mambo ya kweli: nisiichome koili ya nikeli ikiwa kavu, wala nisiitumie kwa mpangilio wa kawaida wa wati, maana hapo hakuna anayedhibiti joto.

Waya ule ni laini, Ami, unapinda ukiutazama tu. Koili zangu za kwanza zilijikunja kama tambi, na baba akawa anapita mlangoni akiuliza, “Chakula tayari?” Nikajifunza kuuzungusha kwenye msumari, kuacha nafasi ili mizunguko isigusane, na kukaza skrubu sawasawa, kwa sababu ikilegea kipimo nacho hudanganya. Chumbani kwangu, penye baridi, kifaa kilifanya kazi vizuri kabisa. Nilivuta hadi kizunguzungu. Hakikuungua hata kidogo.

Ijumaa iliyopita asubuhi nikampa baba. Saa moja baadaye nikasikia kikohozi kile kile.

Nilimkuta na sigara mdomoni, haijawashwa, kiberiti mkononi. Sikulia. Nilisema, “Baba, nipe muda mpaka urudi kutoka msikitini.” Akaitoa mdomoni, akaichomeka nyuma ya sikio na kutoka nayo hivyo hivyo.

Nikaenda jikoni kutafuta kifaa, na huko nikamkuta mama amekishika. Ami, unakumbuka mama anavyomwandalia baba shisha: anavuta yeye kwanza, mara kadhaa, mpaka moto ukubali, ndipo anamkabidhi. Basi ndivyo alivyokuwa akifanya. Anavuta ili kukiamsha, anafungua tangi la majimaji, lenye koili ndani yake, likiwa la moto ili alijaze pomoni, maana ni aibu kumpa mumeo kitu nusu, kisha analirudisha. Na tangi likirudishwa, kifaa huuliza: koili ni mpya au ni ile ile?

“Unakijibu nini?” nikamuuliza.

“Nakijibu ndiyo, mpya. Kimeniuliza kwa adabu, nikikatalie?”

Nikakaa kwenye kiti. Kikiambiwa ni mpya, kifaa hupima ukinzani upya kikidhani koili ni baridi; kila mara alikuwa akikiambia kwamba lile joto ndiyo baridi. Kutoka hapo kifaa kikahesabu kwenda juu, na digrii zangu mia mbili na kumi zikawa nyingi kuliko pamba inavyoweza kuvumilia.

Nilipomweleza, mama aliufunika mdomo kwa kitambaa cha sahani. “Kwa hiyo ni mimi ninayemuunguza?” Nikamkumbatia. Tukaweka pamba mpya, tukaliacha tangi kwenye dirisha lililo wazi mpaka likawa baridi kama bomba la nje, ndipo tukajibu lile swali.

Baba aliporudi alivuta kama mtu anayeonja dawa. Akavuta tena. Hatukumjazia, kwa makusudi. Majimaji yalipokauka mvuke ulififia wenyewe, ukawa hewa tupu, bila kuungua.

“Imekwisha?” akauliza.

“Imekwisha.”

“Na haikuniuma.” Akaitoa ile sigara nyuma ya sikio na kumpa mama. “Tupa hii. Nijazie. Na usiniharakishie, Umm Tuqa, acha ipoe.”

Tangu siku hiyo hajavuta sigara. Tumekubaliana pia kwamba kila chupa mpya iwe na nikotini kidogo kuliko iliyopita, mpaka isiwemo kabisa, kisha kifaa nacho kiondoke.

Sasa ombi langu. Kila msafiri anayetoka kwako huja na kartoni ya sigara kwa ajili ya baba. Najua ni upendo, Ami. Mama naye alikuwa akimuunguza kwa upendo. Jirani yetu Abu Sanad anarudi kutoka huko mwezi wa tatu. Mpe kahawa, mpe chokoleti, mpe picha zako. Ukimpa kartoni nitaipokea mimi mlangoni, na haitavuka kizingiti.

Msalimie Khale Shaden na binamu zangu Mayar na Zaid. Mama na bibi wanakusalimu. Baba atakusalimu mwenyewe, kwa sauti isiyokatizwa na kikohozi. Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Mwanao akupendaye, hata anapokukatalia,

Tuqa