Dakika za Jua za Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 11 Julai

Tumetoka kituo cha afya. Mama mkwe hajarogwa, wala si baridi ya kwao Bijombo mlimani iliyomwingia mifupani kama alivyotuambia siku zote – amepungukiwa vitamini D! Muganga Basile alimwambia ainuke kwenye kiti bila kushika kitu. Hakuweza. Hata mara moja. Si ajabu: miezi minane tangu ashuke kwetu Uvira anakaa ndani, pazia limeshushwa, tricot ya sufu mwilini. Jua la ziwani, anasema, linakausha damu.

Amri za Basile: dakika thelathini za jua kila siku, mikono na miundi wazi. Samaki. Kiini cha yai. Na ampoule moja, kichupa cha dawa ya kunywa. Turudi baada ya wiki sita. Siku hiyo atainuka mara tano, mikono imekunjwa kifuani, na Basile ataamua kama anahitaji ampoule nyingine.

Wiki sita ni tarehe 22 Agosti. Tarehe 27 Ornella, mjukuu wake wa kwanza, anaolewa Kiringye. Katika ukoo wa mume wangu, bibi ndiye anayemshika bibi arusi mkono na kumtoa nyumbani mpaka uani. Bibi akishindwa kusimama, dada ya babu anachukua nafasi. Dada ya babu ni Agathe. Na Agathe ameshashona nguo!

Jioni nimempa Mama ampoule ndani ya glasi ya maji. Mteja wangu wa samaki wakavu akaniita nje. Niliporudi, glasi tupu. Safi. Nimechora jedwali kwenye karatasi ya nyuma ya daftari hili: jua, samaki, yai, ampoule. Ampoule: ✓.

Jumanne, tarehe 12 Julai

Jua: dakika 4. Samaki: 0. Yai: 1.

Niliweka kiti uani saa tatu, simu ikihesabu. Nikamwomba apandishe kitenge mpaka magotini. Akanitazama kama nimemwomba avue nguo kanisani.

– Mama Jolie, minye niko kikwembe ya kuanika?

Nikasema ni amri ya muganga.

– Muganga wako iko mutoto. Muntu mukubwa hakai bule kwa jua. Kwa jua unachunga ng'ombe. Hapa niko nachunga nini? Viatu yako?

Akarudi ndani. Mchana nilimpikia mukeke mnono, wa nyanya. Kwao mlimani, anasema, wenye ng'ombe hawali samaki. Alikula ugali na maharage, na sahani ya mukeke akaigeuza ili samaki asimwangalie.

Ijumaa, tarehe 15 Julai

Jua: 6. Juzi 5, jana 0. Samaki: 0, 0, 0.

Mbalamwezi. Taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi haitoki, hakuna ndagala (dagaa wetu) za kuanika, kwa hiyo biashara yangu imelala na mimi niko nyumbani nambembeleza mzazi wa mume. Mume wangu Donatien anacheka tu. Anasema Mama alimshinda baba yake miaka thelathini – nitaweza nini mimi na simu yangu? Nimemkumbusha kwamba nina dipulomu ya pedagojia.

Jumatano, tarehe 20 Julai

Jua: dakika 50!!

Nimepata njia. Mitumbwi imeanza tena. Alfajiri nimenunua beseni tatu za ndagala, na kabla ya kwenda kuanika nimelalamika karibu na mlango wa Mama: kunguru na kuku wananimaliza, sina mtu wa kuchunga. Kisha, kutoka ndani:

– Wako ngapi?

– Nani, Mama?

– Hao kunguru.

Donatien alimleta mwaloni, ufukweni ninakoanika, kwa pikipiki. Kiti, na ile fimbo yake ya Bijombo. Baada ya robo saa alivua tricot mwenyewe, maana ilizuia mkono kurusha. Kisha kitenge kikapanda. Alipiga kelele za mlimani ambazo mwalo wote haujawahi kuzisikia, kuku wakakimbilia majini! Nilimtoa juani kwa nguvu – Basile alisema dakika thelathini, hakusema nimkaange. Njiani akanikaripia kwamba natawanya ndagala kama kundi lisilo na mchungaji.

Jumapili, tarehe 31 Julai

Wiki nzima hajakosa. Jua: 30 au zaidi. Yai: 1 kila siku. Samaki: 0. Ndagala zangu zinapungua kiganja hivi kila jioni. Mama anaapa hakuna ndege aliyepita. Sielewi.

Leo baada ya misa Agathe alikuja kutusalimu.

– Wifi! Nasikia weye iko mulinzi ya samaki sasa. Kesho utaanza kukula!

– Ng'ombe nilichunga miaka makumi ine. Weye uliniona nakula majani?

Tulicheka sote, Agathe zaidi yetu. Lakini alipoaga aliongeza, kwa upole wote: asijisumbue, Kiringye yeye atamshika mtoto mkono, Mama atakaa kivulini na kuletewa Fanta.

Baadaye nikamwona Mama kupitia dirisha. Amekunja mikono, amekaza midomo – akainuka! Mara moja. Akaanguka tena kitini, na alipogundua namwona akajifanya anatafuta leso.

Jumamosi, tarehe 6 Agosti

Siku ya aibu kwa daftari hili.

Asubuhi Bonaventure, jirani yetu, alibisha hodi na mapapai mawili. Ya kumshukuru Mama. Beberu wake aliyekuwa akichechemea sasa anaruka ukuta. Je, ile dawa ya kwenye glasi bado iko?

Dawa gani? Nikamgeukia Mama. Anaangalia bati.

– Dawa ya wageni unaanzisha kwa mbuzi, Mama Jolie. Mbuzi asipokufa, njo muntu anakunywa.

– Mama, ilikuwa moja tu!

– Minye nilijua? Weye njo ulileta moja.

Nimekata ile alama ya ✓. Nimeandika: mbuzi.

Haikuishia hapo. Mchana nikafua tricot yake. Mfukoni – vichwa vya ndagala! Vikavu, kiganja kizima. Nami nimewatukana kunguru wiki mbili. Nikaviweka mbele yake. Hakukana. Samaki, anasema, ni ile inayolala kwenye sahani na kukuangalia. Hizi yeye anazikata kichwa kwanza, haziwezi kumwona. Na zikikaukia juani, zina utamu wa karanga.

Kisha akanishika mkono, na mzaha ukaisha. Nisiandike kwenye jedwali. Karatasi inasema. Agathe akijua, siku ya Ornella hakuna atakayetazama miguu yake, watatazama mdomo wake.

Kwa hiyo samaki: 0. Ampoule: mbuzi. Mambo mawili niliyoyaandika kwa uhakika, yote uongo – na Mama anainuka mara mbili mfululizo!

Jumatano, tarehe 17 Agosti

Jua: 30. Yai: 1. Samaki: 0 (ha!). Kuinuka: mara nne. Ya tano akashika kiti, akatukana kiti.

Jumatatu, tarehe 22 Agosti

Naandika hapa hapa kituo cha afya, kwenye benchi. Basile ameniambia nihesabu kwa kalamu. Agathe naye amekuja – kumsindikiza wifi, anasema. Amekaa mlangoni, lakini shingo iko chumbani.

Mama amekunja mikono. Moja. Mbili. Tatu. Nne – ya tano haiji. Amekaa. Basile amesema apumzike, hatukimbizwi.

Wakati huo Basile ameomba jedwali, nami nimemchania ile karatasi. Anasoma kwa sauti! Jua, vizuri sana. Yai, vizuri. Ampoule...

– Mbuzi? Mbuzi njo nani?

Nimeeleza. Agathe amecheka mpaka ameshika ukuta. Mama hakugeuka hata kidogo.

Basile hajacheka. Kidole chake kiko kwenye safu ya samaki. Siku arobaini na moja, sifuri zote. Anasema hawezi kupima dawa ya mtu mzima kwa kubahatisha, lazima ajue kwa kweli Mama amekula nini. Ananitazama mimi. Mimi namtazama Mama. Agathe ameacha kucheka.

– Mama Jolie. Kalamu iko?

Iko, Mama.

Ameinuka. Tano! Pole pole, hakushika kitu. Na hajakaa. Ametembea hatua tatu mpaka mbele ya Agathe, amesimama wima, na mkono wake unaingia mfukoni mwa tricot, unatoka na ndagala moja kavu, anaikata kichwa –