Muntu Mwenye Hakugusa Reli

Mujikulu wangu Ngoie, jambo sana huko uko.

Mama yako iko muzuri. Jana alirudia ku shamba ya Kasungami na mahindi mabichi, tukachoma, tukakula, tukakutaja. Mu barua unaniuliza miye babu yako: "Nkambo, ulitumika ku reli miaka mingi namna gani bila kuvunjika? Miye kazi inanimaliza."

Sikiliza. Kule Elisabethville tulikuwa bantu kumi na wawili wa kubeba reli, na Muzee Kabamba wa kutuimbia ili tunyanyue pamoja. Yeye hakugusa reli hata siku moja. Miye, kijana wa nguvu, nilimwita muvivu.

Siku moja akagonjwa. Tukafurahi: leo tutakimbiza kazi, bila wimbo wa kutukawisha! Mbele ya midi, saa sita, kila mumoja alikuwa anavuta kwa mwendo yake, reli ikabaki chini.

Kesho yake akarudia, blanketi ku mabega, akaimba polepole mpaka nikasikia haya ya mwendo ile. Lakini reli ilinyanyuka kama jani! Nikamwangalia. Macho yake haikuwa ku reli, ilikuwa ku bifua byetu. Mumoja akianza kuhema kwa nguvu, anarefusha wimbo, tunatua kidogo. Jioni tulikuwa tumepita kazi ya siku zote, tukarudia ku kambi tukicheka. Mungu wangu! Mpaka leo mwili inanisisimuka.

Nikamuuliza anafanyaje. Akajibu: "Reli haichoke, mutoto. Miye naimbia bifua."

Sasa na miye nakuuliza, Ngoie: huko ku kazi yako, nani anaangalia kifua yako?

Nkambo yako, mwenye angali anaimba ku shamba.